Makaa ya Mawe: Nani Atalipia Mtambo Usiowashwa?

Jioni moja Kariobangi Light Industries nilimkuta fundi wa kuchomelea vyuma akiwa amebakisha fito mbili kumaliza geti la mteja. Saa moja kasorobo stima ikapotea. Alivua miwani ya kazi, akaketi juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, kisha akanionyesha ujumbe wa tokeni alizonunua mchana huo. Kati ya shilingi 500 alizotuma, mia tatu na kitu ndizo zilizonunua uniti. Zilizobaki zilikuwa zimelundikwa pamoja kama gharama nyingine. Nilipomwambia kwamba ninaandika kuhusu makaa ya mawe, alinijibu bila kufikiri mara mbili: "Ndugu yangu, stima itoke kwa upepo, itoke kwa mawe, mimi nataka iwake."

Sioni hoja nzito kuliko hiyo upande wa wanaotaka Kenya ichimbe na kuchoma makaa ya mawe. Sisi tunaoyapinga tumezoea kuipita kando na kukimbilia mabadiliko ya tabianchi. Nataka kuanza nayo.

Hapa Nairobi ukisema makaa, mtu anafikiria gunia la pembeni mwa duka na jiko la mabati lililogongwa Kamukunji. Makaa ya mawe wengi wetu hatujawahi kuyashika mkononi. Hata hivyo tunaishi ndani yake: saruji husagwa kutoka klinka, yaani vinundu vya mawe yaliyochomwa, na tanuri za klinka huwashwa kwa kiasi kikubwa kwa makaa ya mawe yanayoletwa kwa meli, mengi yakitoka Afrika Kusini. Kila ghorofa jipya la Pipeline au Kilimani lina moshi wake. Kwa hiyo swali la kama Kenya itumie makaa ya mawe lilijibiwa zamani. Linalobishaniwa ni kama tuyafanye kuwa nguzo ya umeme wetu, na kwa mkataba gani.

Mwaka 2013 serikali ya Jubilee iliahidi kuongeza megawati 5,000 ndani ya miezi 40. Mtambo wa Lamu ulizaliwa humo: megawati 1,050, eneo la Kwasasi, gharama ya takriban dola bilioni 2, chini ya kampuni ya Amu Power iliyoundwa na Gulf Energy na Centum. Mwanzoni ungechoma makaa ya kuagizwa kutoka Afrika Kusini, halafu baadaye yale ya bonde la Mui, Kitui. NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi, ikatoa leseni mwaka 2016. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba tathmini ya athari kwa mazingira ilikuwa na mapengo. Fedha nazo zikaanza kukimbia. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilijiondoa mwaka huo huo, na benki ya ICBC ya China ikafuata mwaka 2020. Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Malindi ikaitupilia mbali rufaa ya kampuni.

Wanaoutetea mradi huu hawana hoja za kubeza. Rais Ruto mwenyewe alikiri kwamba baadhi ya maeneo hukatiwa umeme kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku kwa sababu hautoshi. Kilele cha matumizi kilipita megawati 2,300 mwaka 2025, na tangu 2022 tunanunua megawati 200 kutoka Ethiopia. Upepo huvuma utakapo, jua huzama saa ile ile fundi anapohitaji kumaliza geti lake, na ukame wa muda mrefu hushusha maji ya mabwawa ya Tana. Makaa ya mawe hayangoji mvua.

Kisha kuna suala la haki. Uingereza ilizima mtambo wake wa mwisho wa makaa ya mawe tarehe 30 Septemba 2024, baada ya kujijenga kwayo kwa zaidi ya karne moja. Ujerumani, gesi ya Urusi ilipokatika mwaka 2022, iliirudisha kazini mitambo iliyokuwa ikistaafishwa. Mwaka huo huo wanunuzi wa Ulaya walifika hadi Tanzania, na makaa ya Ngaka yakawa yanasafirishwa kwa malori hadi bandari ya Mtwara kwenda kuwapasha moto. Kenya inachangia chini ya asilimia 1 ya hewa chafu duniani. Mtu akiuliza kwa nini sisi ndio tuhubiriwe kujinyima, sina la kumbishia. Juu ya haki, wako sahihi kabisa.

Lakini haki ya kufanya jambo haipunguzi bei yake, na hapo ndipo ninapoachana nao.

Mkataba wa Lamu ulikuwa wa miaka 25, wa ile aina ambayo mnunuzi hulipia uwezo wa mtambo, uwashwe usiwashwe. Ukiukodi ukumbi kwa mwaka mzima utaulipia kila mwezi, hata kama harusi ni moja tu. Mwaka 2019 taasisi ya utafiti ya IEEFA ilikadiria kwamba malipo hayo yangefika kama dola milioni 360 kwa mwaka, yaani angalau dola bilioni 9 kwa muda wa mkataba, kabla hata ya kununua kilo moja ya makaa. Fedha hizo hazitoki mfukoni mwa waziri. Huingizwa ndani ya bei ya kila uniti, na fundi wa Kariobangi anazilipa bila kuziona, kwa sababu hazimo hata katika zile gharama nyingine anazolalamikia. Mwaka 2015 kilele cha matumizi ya nchi nzima kilikuwa karibu megawati 1,600. Kuongezea megawati 1,050 kwa mkupuo juu ya mfumo wa kimo hicho kulitegemea viwanda ambavyo havijafika hadi leo, na ambavyo sehemu ya sababu ya kutofika kwao ni bei ya umeme.

Kuna pia umbo la mahitaji yetu. Jioni tunapungukiwa, lakini usiku wa manane matumizi hushuka mno kiasi kwamba mvuke wa ardhini wa Olkaria, kule Naivasha, umewahi kuachiwa upotee hewani kwa kukosa mnunuzi. Mtambo wa makaa ya mawe hauwashwi na kuzimwa kama taa ya chumbani. Ukishapata moto, unataka kuendelea. Basi usiku ungegombania nafasi na mvuke wa Naivasha, ambao ni wetu, hauagizwi kwa dola na haukatiki kiangazi. Pengo letu ni la muda wa saa tano tu za jioni, na Lamu ingetuuzia saa ishirini na nne.

Halafu kuna ukubwa. Agosti 2023 nchi karibu yote iliingia gizani, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kenya Power ilisema chanzo ni kupotea ghafla kwa megawati 270 za upepo wa Turkana, na wamiliki wa mitambo hiyo wakakana kwamba kosa ni lao. Vyovyote ilivyokuwa, tuliona mfumo wetu unavyoyumba megawati chache tu zikidondoka. Lamu ingekuwa na mashine tatu za megawati 350 kila moja.

Wenzangu wa nishati ya kijani nao waniwie radhi, kwa sababu huo mradi wa Turkana una aibu zake. Mitambo ya upepo ilikuwa tayari, laini ya kuupeleka umeme Suswa ikachelewa hadi 2018, na mlipa bili akatozwa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukumfikia. Mwaka 2021 mahakama iliyoketi Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ya mradi zilipatikana kinyume cha utaratibu. Umeme safi, mkataba mchafu. Ninalisema hili kwa uchungu, maana upepo ule naupenda. Umetusaidia sana. Lakini wenyeji wa Marsabit, ulikojengwa mradi huo wa upepo, na wenyeji wa Lamu waliulizwa kwa namna inayofanana: jambo likiwa limeshaamuliwa.

Na Kitui? Wakazi wa Mui ndio ninaowafikiria zaidi kila mjadala huu unapoibuka. Kampuni ya Fenxi ya China ilipewa vitalu viwili vya makaa ya mawe zaidi ya miaka kumi iliyopita, na mkataba wa kugawana mapato ukatiwa saini Desemba 2013. Hadi leo hakuna mgodi. Mtu aliyeambiwa kwamba shamba lake litachukuliwa hapandi miembe, hajengi nyumba ya mawe, na benki haina hamu na ardhi yake. Wenye mashamba ya Kwasasi nao walikaa wakisubiri fidia miaka nenda miaka rudi. Hasara hii haimo katika hesabu za wanaotaka mradi wala za wanaoupinga. Sisi tunaoshangilia hukumu za mahakama huku Nairobi tunawadai maelezo wawekezaji, lakini ni nadra kumuuliza mzee wa Mui kama sasa yuko huru kupanda.

Tena Kitui hiyo hiyo imekuwa ikitulisha Nairobi makaa ya miti. Mwaka 2018 Gavana Charity Ngilu alipopiga marufuku biashara hiyo, lori lilichomwa moto na ugomvi ukawaka na wafanyabiashara wa Kiambu. Miti ya juu ya ardhi imeishia katika majiko yetu, na mawe ya chini ya ardhi yameishia katika makaratasi yetu. Kwa vyote viwili, Kitui imebaki na vumbi.

Msimamo wangu ni kwamba Lamu haikufaa, na isingefaa hata kama moshi wake ungekuwa maji ya waridi. Hela kama zile zingefanya kazi zaidi kwenye betri za kubeba umeme wa jua hadi saa nne usiku, visima vipya vya mvuke, na nyaya, kwa sababu zaidi ya asilimia 20 ya umeme unaonunuliwa hupotea njiani kabla ya kufika kwa mteja. Mhandisi anayeweza kunionyesha hesabu tofauti, nitamsikiliza kwa moyo wote, mradi aiweke hadharani kabla ya saini.

Na saini zimerudi. Mwishoni mwa 2025 Bunge liliondoa marufuku ya kusaini mikataba mipya ya kununua umeme, iliyokuwa imedumu miaka kadhaa. Ninachotaka kuona katika kila mkataba utakaotangazwa sasa, uwe wa jua, mvuke au mawe, ni kifungu kimoja: kinachosema mlipa bili atatoa kiasi gani mwezi ambao mtambo haukuzalisha hata uniti moja.