Sato kupauka si dawa, jamani

Ule ujumbe umerudi tena kwenye grupu la ukoo: sato wa mwaloni akibadilika rangi ndani ya beseni, amepuliziwa dawa, msinunue. Mjomba wangu, mwalimu mstaafu, tena wa baiolojia, kajibu “Amina”.

Amina ya nini? Chukua sato wawili wazima wa Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria. Mmoja mtie kwenye beseni jeupe, mwingine kwenye ndoo nyeusi, kisha nenda kachague nyanya. Ukirudi, wa beseni kapauka, wa ndoo kakolea. Macho yameona weupe, neva zimepeleka habari ngozini, basi.

Na huko ngozini ndiko kwenye maajabu tunayoyaita sumu. Seli zake nyeusi, melanofori, zina matawi pande zote na zimejaa punje za melanini, yaani rangi nyeusi. Punje hizo hazielei ovyo. Seli ina kiunzi chake: nyuzi za mikrotubuli, unene wake kama nanomita 25, zimetoka katikati kuelekea ncha za matawi. Protini iitwayo kinesini hubeba punje kwenda nje ikikanyaga uzi hatua kwa hatua, nanomita 8 kila hatua. Daineini huzirudisha katikati. Pembezoni kuna nyuzi za aktini, nazo zina wapagazi wao. Punje zikitawanyika samaki huwa mweusi, zikirundikana hupauka. Hakuna rangi iliyoongezwa wala iliyooshwa. Imehama tu!

Huhitaji maabara ya Ulaya kuyaona haya. Gamba lililobanduliwa sasa hivi, likiwekwa kwenye maji ya chumvi ya kipimo, seli zake bado hai. Dondoshea adrenalini, ile homoni ya mshtuko, uchungulie kwa hadubini: punje zinakimbilia katikati. Lakini watoto wetu wa sekondari, wanaokula sato kila Jumapili, wanachora seli kama yai la kukaanga na kupewa maksi zote. Wapagazi haohao wako kwenye neva za miguu yao, wakisafirisha mizigo kutoka mgongoni hadi kidoleni.

Haya, wakora sokoni wapo, sikatai. Ila mkora humkamati kwa rangi ya mgongo. Inua kifuniko cha shavu, tazama matamvua, nusa, bonyeza nyama. Matamvua yakiwa ya kahawia na yananuka, mrudishie mwenyewe, hata kama mgongo unang'aa.