Kahawa Iliyovuliwa Vanga

Kilo moja ya buni za Nyeri ilinifikia Jumapili asubuhi na basi la usiku. Zilikuwa zimekaangwa Jumamosi hadi zikawa nyeusi tititi na kung'aa mafuta, kama nilivyoagiza, maana kahawa tungu haitaki mkaango wa kitoto. Ijumaa baada ya Isha wageni wa posa ya mdogo wangu wangefika kwetu Kibokoni, Mombasa, na nilikuwa nimeshatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba safari hii hakuna kuita muuza kahawa. Dele, lile birika la kahawa, nalishika mwenyewe.

Jumamosi hadi Ijumaa ni siku sita. Ishike hesabu hiyo, ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Buni zilikuja kwenye mfuko mzito wenye utando wa fedha kwa ndani, na kifuani una kidude cha duara chenye vitundu. Hiyo ni vali. Buni zikishakaangwa hupumua kaboni dioksidi, lita kadhaa kwa kila kilo, na nyingi kati ya hizo hutoka siku za mwanzo. Vali huitoa gesi nje bila kuiruhusu hewa ya nje kuingia, kwa sababu oksijeni ndiyo inayochachisha mafuta ya kahawa na kuipoteza harufu. Mkaango mweusi ndio mbaya zaidi: buni zake zimepasuka-pasuka ndani, zapumua haraka na kuchacha haraka. Kwa maneno mengine, chombo bora cha kuhifadhia kahawa ile kilikuwa kile kile ilichosafiria. Ningeuweka mfuko kabatini bila kuugusa, siku ya sita ungenipa kahawa iliyotulia, iko kwenye kilele chake.

Mimi nikaukata kwa mkasi kutoka juu hadi chini.

Nilikuwa nimeshika somo moja tu la uhifadhi wa kahawa: chombo kisipitishe hewa. Nikatafuta mkebe wa maziwa ya unga, ule wa bati wenye kifuniko cha kubana, nikaujaza hadi shingoni, nikakipiga kifuniko kwa kisigino cha mkono mpaka kikalia. Nikauweka juu ya friji, nisijali kwamba hapo ndipo joto la mtambo hupanda mchana kutwa. Mpwa wangu akauona mfuko mtupu.

"Mjomba, huu wautaka?"

"Chukua."

Alasiri ulikuwa tiara. Ulipaa juu ya mapaa ya Mji wa Kale, vali ikimetameta kama jicho, nami nikapiga makofi.

Saa nane za usiku, PA! Kifuniko kilitoka mkebeni kama kizibo cha soda iliyotikiswa, kikagonga dari, kikashukia sufuria za pilau, nazo zikafuatana chini moja baada ya nyingine, kubwa mwisho. Mama akatokea na mchi mkononi.

"Nani huyo?"

"Ni kahawa, Mama."

"Kahawa gani yapiga bunduki?"

Nikamweleza habari ya kaboni dioksidi. Saa nane za usiku hiyo si habari ya kumweleza mtu mwenye mchi. Kifuniko kilikuwa kimekunjika ukingo, hakifungi tena, na nilipofika kwa mpwa wangu asubuhi kuudai mfuko, tiara lilikuwa limenasa kwenye nyaya za stima karibu na Fort Jesus. Likawa linapepea hapo wiki nzima.

Nikaamua: friza.

Friza si kosa, nataka nieleweke. Kahawa hukaa vizuri ndani ya friza miezi kadhaa ukiigawa sehemu za siku tatu nne, kila sehemu ndani ya kichupa chake kilichojaa hadi mdomoni ili hewa isipate nafasi, kimefungwa barabara. Ukikihitaji kimoja, wakitoa usiku, wakiacha kimefungwa vile vile mpaka asubuhi kipate joto la chumba, ndipo wafungua. Na kikishatoka hakirudi. Friji ya kawaida ndiyo ya kuepuka, haina baridi ya kutosha kusimamisha uchachu, unyevu na harufu za vyakula vimejaa, na mlango wafunguliwa kila dakika kumi.

Haya yote niliyajua. Vichupa ndivyo sikuwa navyo. Juala nazo zilipigwa marufuku tangu 2017, kwa hivyo jikoni palikuwa na bahasha za khaki na ule mfuko wa dukani unaofanana na kitambaa. Ukiuinua huo kwenye mwanga unaona upande wa pili. Nikatia kilo yangu ndani ya bahasha mbili za khaki, bahasha ndani ya mfuko, nikafunga fundo la kihodari. Karatasi na kitambaa! Ningeifunga kwa wavu wa samaki ingekuwa ni yale yale.

Samaki, basi. Chini ya kahawa, ndani ya gazeti, mama alikuwa ameweka kilo mbili za papa mkavu kutoka Marikiti. Papa mkavu hahitaji friza ili asioze. Alikuwa humo kwa sababu majirani wamelalamika.

Sasa, buni iliyokaangwa ukiipasua ni vishimo vitupu, kama sponji. Ndiyo maana watu huweka unga wa kahawa iliyochacha ndani ya friji ili unyonye harufu mbaya. Hilo nalo nililijua. Mama ndiye aliyenifundisha nikiwa darasa la tatu.

Jumatano mama akafungua friza, akasimama, akanusa, akanusa tena.

"Mwanangu, umenisafishia friza?"

"Kwa nini, Mama?"

"Hainuki papa kabisa!"

Nikasema asante. Sifa za mama hazirudishwi. Harufu imekwenda wapi, katika nyumba nzima hakuna aliyeuliza.

Wakati huo huo kila asubuhi nilikuwa naitoa kahawa yangu, nafungua fundo, naitazama kama mtoto wa uzazi, naifunga, nairudisha. Ilikuwa Februari, kaskazi imeshika. Kitu chenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri ukikiweka kwenye jiko la nyuzi 32, tena hewa yenyewe imejaa unyevu, kinatoka jasho kama bilauri ya sharubati. Jasho lile lilikuwa laingia ndani ya vile vishimo. Nikirudisha, linaganda. Kesho tena. Alhamisi usiku stima zikapotea mpaka alfajiri, na Ijumaa nilipofungua, buni zilikuwa zimeshikana kama kashata.

Nikapima gramu 140 za kupikia lita mbili, nikaingia kuponda. Buni kavu hulia ta! ta! chini ya mchi na kuvunjika sawasawa. Hizi zilikuwa zapondeka kimya, kama korosho mbichi. Nusu ikawa vumbi lililoganda ukutani mwa kinu, nusu ikabaki mapande. Vumbi hutoa uchungu wote mara moja na mapande hayatoi kitu, ndipo kahawa huwa kali na nyepesi kwa wakati mmoja. Nikaongeza tangawizi. Nikaonja? Nilinusa tu, na pua yangu ilikuwa imeshinda siku tano ndani ya friza ile. Pua hiyo haikuwa na mamlaka tena ya kuhukumu.

Ikaja Isha. Wazee kumi na wawili sebuleni, halua imekatwa, tende zimepangwa. Ami wangu alikuwa ameketi wima kama kadhi. Nikazunguka na dele na vikombe, nikimimina kutoka juu ili mchirizi ulie, kama nilivyoona wanaume wa kweli wakifanya.

Mshenga wao, mzee mwenye kofia ya vito na sauti ya taratibu, alipiga funda. Akakaa nalo. Akalimeza. Akakiweka kikombe chini kwa adabu kubwa mno.

"Mwanangu," akasema, "kahawa hini imevuliwa wapi?"

Kimya. Mzee wa pembeni yake akaonja kwa utafiti.

"Vanga," akasema. "Papa wa Shimoni hana chumvi hivi."

Ami akaangalia dari. Na nyuma ya pazia la akina mama, ikatoka sauti niijuayo tangu kuzaliwa:

"Ewe! Kumbe ndiyo sababu friza haikunuka!"

Wazee walicheka mpaka mmoja akaikabidhi kofia yake kwa jirani ili ajifute machozi. Mpwa wangu akatumwa mbio barabarani, akarudi na muuza kahawa, dele la shaba juu ya makaa, vikombe vikigongana kiganjani. Alipopita karibu na dele langu alirudi nyuma hatua moja. Yeye huhifadhi vipi? Akanitazama kama niliyemwuliza anahifadhi vipi mkate. Akaanga kiasi cha siku hiyo, aiponda jioni, usiku imekwisha.

Posa ilikubaliwa. Kahawa iliyobaki mama aliitwaa yote, akaimimina kwenye sinia na kuirudisha ndani ya friza karibu na papa, na humo yafanya kazi nzuri sana. Mimi siku hizi nanunua robo kilo tu, namalizia ndani ya wiki mbili, na mfuko wenye vali siukati tena juu hadi chini: naukamua hewa, naukunja mdomo, naubana kwa kibanio cha nguo, naweka kabati la chini mbali na jiko.

Juzi ukaja ujumbe wa wakwe kuhusu siku ya nikaha. Wameomba mikeka, viti vya wazee watano na kivuli upande wa uani. Chini kabisa, kwa heshima zote, wameandika: kahawa tutakuja nayo wenyewe.