Kwa Soketi za Nyumbani, Nachagua Mpangilio Usioficha Hitilafu

Mwenye nyumba huulizwa na fundi umeme anataka soketi ngapi na ziwekwe wapi, lakini ni nadra kuulizwa soketi hizo ziunganishwe vipi nyuma ya plasta. Naliona hilo kuwa pengo kubwa, kwa sababu soketi inaweza kuongezwa hata baada ya miaka kumi, ilhali njia zilizopita nyaya ukutani hukaa hivyo hivyo kwa muda mrefu, na ndizo zinazoamua iwapo nyaya hizo zitabaki salama mzigo utakapokuwa mkubwa. Maoni yangu ni kwamba nyumba ya kawaida inafaa kugawiwa saketi kadhaa fupi za mstari, kila moja na sakiti breka yake (swichi inayojikata yenyewe mkondo wa umeme unapozidi), badala ya kutegemea ringi moja kubwa inayozunguka vyumba vyote.

Katika mpangilio wa mstari, kebo hutoka kwenye sakiti breka, hufika soketi ya kwanza, huendelea hadi ya pili na ya tatu, kisha huishia kwenye soketi ya mwisho. Katika ringi, kebo hutoka kwenye soketi ya mwisho na kurudi kwenye breka ile ile ilikoanzia, na kwa hiyo kila soketi hupata umeme kutoka pande mbili. Tofauti hiyo huonekana ndogo kwenye mchoro, lakini hubadilisha hesabu yote: kebo ya shaba ya milimita za mraba 2.5 ikiwa katika mstari hulindwa kwa kawaida na breka ya ampea (kipimo cha mkondo wa umeme) 16 au 20, na kebo hiyo hiyo ikiwa katika ringi hulindwa na breka ya ampea 32, kwa kutarajia kwamba mkondo utagawanyika na kila upande ubebe sehemu yake.

Waliobuni ringi walikuwa na sababu nzuri. Ilienea Uingereza kuanzia miaka ya 1940, wakati nchi hiyo ilipokuwa ikipanga ujenzi wa nyumba baada ya Vita Vikuu vya Pili na shaba ilikuwa adimu. Ringi iliwezesha soketi nyingi kutumia kebo nyembamba kiasi na kifaa kimoja tu cha kuilinda. Pamoja nayo ilikuja plagi ya pini tatu bapa yenye fyuzi ndani, ambayo kiwango chake kilitolewa mwaka 1947. Fyuzi hiyo ni sehemu ya mfumo wenyewe, kwa kuwa breka ya ampea 32 haiwezi kuulinda waya mwembamba wa taa ya mezani dhidi ya mzigo uliozidi. Anayeulinda ni fyuzi ya ampea 3 iliyo ndani ya plagi. Ndiyo maana nasikitika ninapoona kifaa chenye plagi ya pini mbili isiyo na fyuzi kimechomekwa kwenye saketi ya namna hiyo kupitia adapta ambayo nayo haina fyuzi. Katika nchi nyingi za Ulaya plagi hazina fyuzi, lakini huko saketi za soketi ni za mstari na breka zake ni ndogo zaidi, mara nyingi ampea 16.

Hoja yangu kuu dhidi ya ringi inahusu siku itakapokatika. Tuseme skrubu imelegea nyuma ya soketi moja, au msumari umeukata waya wa moto, yaani unaoleta umeme, ukutani. Katika mstari, soketi zote zilizo mbele ya mahali hapo huzimika, na aliye nyumbani hujua papo hapo kwamba kuna tatizo na humwita fundi. Katika ringi hakuna kinachozimika. Kila soketi bado inapata umeme kutoka upande uliobaki, na maisha yanaendelea kama kawaida, ingawa sasa kilichobaki ni mistari miwili ya kebo ya milimita za mraba 2.5 inayolindwa na breka ya ampea 32. Birika la umeme la wati 2,200 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea 9.6, pasi ya wati 2,000 huvuta 8.7, na hita ya wati 2,000 huvuta 8.7 nyingine; vyote vitatu vikiwaka pamoja upande mmoja hufika ampea 27. Breka ya ampea 32 haitakatika hata vikiwaka siku nzima, kwa kuwa mkondo huo uko ndani ya kiwango chake. Kebo iliyozungukwa na vifaa vya kuzuia joto ndani ya ukuta huenda isiruhusiwe zaidi ya ampea 20 hivi. Joto hujikusanya, plastiki ya waya huchakaa, na hakuna aliyepewa dalili yoyote.

Hata ringi nzima isiyo na kasoro haigawanyi mkondo nusu kwa nusu isipokuwa mzigo uwe katikati yake. Chukua ringi yenye urefu wa mita 60, ambayo soketi za jikoni ziko mita 6 tu kutoka kwenye breka kwa upande mmoja na mita 54 kwa upande wa pili. Mkondo hufuata zaidi njia yenye ukinzani mdogo, yaani inayoupinga umeme kidogo, kwa hiyo mzigo wa ampea 30 ukiwa hapo, 27 hupita upande mfupi na 3 tu upande mrefu. Jikoni mara nyingi huwa karibu na sanduku la kugawia umeme, na ndiko viliko vifaa vinavyovuta umeme mwingi.

Haki ya ringi niliyo tayari kuitetea ni ya waya wa ethi, yaani unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Katika ringi waya huo nao una njia mbili, hivyo ukikatika mahali pamoja, soketi zote hubaki na kinga. Katika mstari, ethi ikikatika, soketi zilizo mbele huendelea kutoa umeme bila kinga hiyo, na hilo nalo halionekani kwa macho. Kwa sababu hiyo sikubali mstari uwekwe bila kifaa kinachokata umeme unapovuja kwa miliampea 30, na napendelea viwe zaidi ya kimoja katika nyumba, ili friji isizimike kwa sababu tu pasi ya chumbani imevujisha umeme.

Mgawanyo ninaoupendekeza haufuati hesabu ya soketi, bali mizigo. Jiko la umeme na hita ya maji vipate saketi zake pekee. Soketi za jikoni ziwe na saketi mbili za ampea 20, na vyumba vya kulala, ambavyo huchaji simu na kuwasha taa, vinaweza kushiriki moja bila shida. Gharama ya breka za ziada ipo, lakini hulipwa siku ya kutafuta hitilafu, kwa kuwa fundi huzima sehemu moja tu na wengine wakaendelea na shughuli zao.

Aliye na ringi tayari hana haja ya kubomoa kuta. Amwombe fundi azime umeme, afungue ncha zote mbili kwenye breka, kisha apime ukinzani wa kila waya kutoka ncha hadi ncha. Kwa mita 60 za shaba ya milimita za mraba 2.5, waya wa moto na wa nyutro (unaorudisha umeme) zinapaswa kuonyesha ukinzani wa takriban omu 0.44 kila mmoja, zikikaribiana sana. Kipimo kisichosoma kitu kina maana kwamba waya umekatika. Na ikiwa mahali palipokatika hapafikiki, ringi hiyo inaweza kugeuzwa kuwa mistari miwili, kila ncha ikafungwa kwenye breka yake ya ampea 20, au ya ampea 16 pale kebo inapopita kwenye joto, baada ya fundi kuhakikisha kwamba ethi inafika kila soketi.