Maneno 100 kwa Dakika Moja

Tangu jana jioni mimi ni mlezi wa chama. Waliowahi kukaa kwenye vyama vya kuzikana wanajua cheo hicho hupewa mtu wa namna gani: ni mtu ambaye bado anachangia, bado anavutiwa kiti cha mbele, ila hakuna anayemhitaji kwa jambo lolote. Kwa miaka 19 nilikuwa katibu. Sasa katibu ni simu ya mpwa wa mwenyekiti, ambayo haijawahi kuchangia hata shilingi moja ya sanda.

Sitaki nionekane nina kinyongo. Ninaeleza tu, kwa utulivu, ili mambo yakae mahali pake.

Mimi nilisomea uhazili, yaani ukatibu wa ofisi, Tabora, enzi ambazo kijana aliyerudi kutoka kule na cheti cha hatimkato alitazamwa mtaani kama rubani. Hatimkato si michoro ya kuku aliyeparua majivu, wala si kile alichodhani mjukuu wangu alipookota orodha yangu ya sokoni akaniuliza, "Babu, hili kombe la dawa ni la nani?" Ni maandishi ya kasi, ya kunasa maneno mtu anavyoyasema, yenye adabu zake, yaliyobuniwa na Mwingereza Isaac Pitman mwaka 1837, ambamo neno huandikwa linavyosikika, na sauti zinazokaribiana hutenganishwa kwa unene wa mstari: P ni mwembamba na B ni mnene, F ni mwembamba na V ni mnene. Penseli huchongwa kwa wembe, na mkono haukandamizi ovyo. Mimi nilikandamiza ovyo mara moja tu katika utumishi wangu wote, siku ambayo nilikuwa sijala, na waraka ukatoka ofisini ukiwaagiza watumishi wote wavue sare zao kila Ijumaa, badala ya wafue. Namshukuru Mungu hakuna aliyeutekeleza, ingawa dereva mmoja alikuja kuuliza kwa heshima kama agizo lilihusu na suruali.

Hadi miaka ya karibuni nimekuwa nikisoma matangazo ya nafasi za kazi serikalini yanayomtaka mwombaji wa uhazili awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika moja, na papo hapo awe anajua programu za kompyuta, barua pepe na mengineyo. Hufarijika kwa muda. Kisha hujiuliza ni bosi gani wa siku hizi anayesema maneno 100 kwa dakika mbele ya mtu mwenye penseli, wakati mabosi wote wanaandika wenyewe, kwa dole gumba, wakiwa kwenye foleni ya magari.

Ujuzi wangu mwingine nilikwisha kuuzika zamani bila matanga. Kuanika betri za redio juani ili tusikilize taarifa ya habari moja zaidi, kurudisha mkanda wa kaseti kwa kalamu, kugeuza antena juu ya bati huku mtu wa chini akipiga kelele "hapo hapo, usiachie!", yote hayo yamekwenda na sikulia. Hata namba za simu sizijui tena kwa kichwa. Simu yangu ikizima nikiwa Kariakoo, mimi na mama watoto hatuna njia ya kupatana, labda kila mmoja aanze uchumba upya na mtu mwingine. Hatimkato, hata hivyo, nilidhani itanizika.

Kikao cha juzi kiliitishwa saa kumi alasiri, kwa hiyo kilianza saa kumi na moja na robo. Mpwa wa mwenyekiti, kijana mwenye adabu aliyeniamkia shikamoo mara mbili, jambo ambalo lilipaswa kunishtua, aliweka simu yake mezani kati ya birika la chai na daftari la michango, akasema, "Mzee wangu, leo pumzisha mkono, hii itaandika yenyewe." Nilicheka. Nilicheka kama alivyocheka, nadhani, mchukuzi wa maji kwa punda alipoona mtaro wa bomba unachimbwa mbele ya nyumba yake.

Tulifika kwenye yatokanayo na kikao kilichopita, yaani hesabu za msiba wa mwezi jana. Hapo mjumbe mmoja alimwambia mweka hazina maneno ambayo siwezi kuyaandika, na sikuyaandika. Niliandika: "Mjumbe aliomba ufafanuzi." Mweka hazina akasimama, akavua miwani, akampa jirani amshikie. Niliandika: "Mweka hazina alitoa ufafanuzi." Watu watatu wakaingia katikati, kiti kimoja cha plastiki kikavunjika mguu. Niliandika: "Wajumbe walijadili kwa kina." Mwenyekiti akapokea simu ya mtu anayemdai fedha za mabati, akaapa kwa mama yake mzazi kwamba hana hata nauli, na mimi sikuandika kitu, kwa kuwa dakika kumi kabla alikuwa ametutangazia kwamba mchango wake uko mfukoni. Mzee mmoja alipoinuka kutoa "neno dogo tu", nilimnong'oneza aliyekaa kulia kwangu kwamba huyu akishaanza, hata sisi wa mwakani tutakuwa tumekwisha kuzikwa.

Muhtasari wangu ulikuwa ukurasa mmoja na nusu, ukifungwa kwa sala saa 12:40 jioni. Ule wa simu ulikuwa kurasa 22, na ulitumwa kwenye kundi la wanachama wote kabla sijafika nyumbani kuvua viatu.

Yote yalikuwemo. Tusi lilikuwemo, limeandikwa kwa herufi sahihi kuliko nilivyowahi kuliona ukutani. Deni la mabati lilikuwemo, pamoja na kiapo. Mnong'ono wangu ulikuwemo, nao una jina langu mbele yake. Kosa lilikuwa moja tu: mashine haikuijua sanda, ikaandika soda, kwa hiyo kumbukumbu rasmi za chama zinaonyesha kwamba marehemu alinunuliwa mita saba za soda nyeupe, na hakuna mwanachama aliyelalamika.

Nilikaa nikisubiri chama kivunjike. Badala yake jana wakaitisha kikao cha dharura, nikavaa koti, nikajua wanakuja kuniomba radhi. Mjumbe aliyetukana aliishukuru simu kwa kunukuu hoja yake kwa ukamilifu. Mweka hazina alisema amedhalilishwa kwa miaka 19 na hakuna mahali palipoandikwa, sasa ana ushahidi. Mama mmoja wa nyumba ya nyuma ya msikiti, ambaye tangu mwaka 2006 nimekuwa nikimwandika kwamba "alichangia hoja", alisimama akasema hii ndiyo mara ya kwanza anasoma alichosema. Wakapiga makofi. Kisha wakanipa ulezi.

Hapa ndipo utulivu nilioahidi unaponiponyoka. Wao wanadhani kazi yangu ilikuwa kuandika! Kuandika hata mtoto wa darasa la tatu anaandika. Mimi miaka yote hiyo nilikuwa nikifanya kazi ya kutoandika, tena kwa kasi ya maneno 100 kwa dakika, nikiokota moja na kuyaacha 99 yaende zake na moshi wa mkaa, na asubuhi watu wakasalimiana bombani. Leo bombani pamenuna. Nani atamlipa mtu mshahara wa kutoandika? Hata posho ya nauli hawakunipa, wamenipa kofia.

Kisha leo asubuhi mama watoto ameniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza tu, kama yale madaftari yangu 41 ya hatimkato bado yana kazi. Mimi namjua. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, karatasi yoyote mtaani kwetu ni mali, na mwuza karanga wa pale kona ni shoga yake. Nimemjibu kwamba hizo ni nyaraka, nikatoka kunyoosha miguu, nikanunua karanga za shilingi 200. Zilikuwa kwenye pembe ya karatasi yenye mistari ya penseli, mwembamba mwembamba, mnene mnene, mkono usiokandamiza ovyo. Nimesimama juani nikaisoma: "Mjumbe aliomba ufafanuzi."

Nimerudi nikayahesabu. Yapo 38. Na karanga zenyewe zimeungua upande mmoja, kwa sababu siku hizi hata kukaanga kwa mchanga watu wameacha, mtu anatupa tu karanga kwenye sufuria tupu, anachezea simu, anategemea nini?