Kabati Namba 61

Jamani, leo nimetembea kutoka bwawani hadi nyumbani nimejifunga khanga. Ya mama watoto. Mwezi wa kumi na moja, Uingereza. Wanaoijua baridi ya hapa wameshanielewa, na wasioijua wasiombe kuijua.

Taulo zote zilikuwa kwenye mashine, nikaambiwa chukua hiyo, nani atakuona. Haya.

Bwawa letu la halmashauri lilijengwa miaka ya 1970, rika langu. Boila linakohoa, vigae vinabanduka, maji yanapungua usiku na hakuna anayekiri kuyanywa. Kabati la nguo unalitumbukizia pauni moja, unafunga, ukirudi linakupa nguo na pauni yako. Leo namba 61 limekataa vyote viwili. Ndani kuna suruali, viatu, simu, funguo na kadi ya basi.

Nikaenda mapokezi, maji yananichuruzika. Dada wa mapokezi akaniambia, "Fundi Jumatatu, bata." Huku kwetu, upande wa Leicester na Nottingham, watu huitana bata kwa mapenzi kabisa. Muuza samaki bata, dereva wa basi bata. Mwaka wa kwanza nilinuna miezi mitatu. Nimezoea sasa, lakini kuitwa bata ukiwa umelowa hivi, miguu peku, ni mtihani.

Kugeuka, nikakutana na kijana wa halmashauri, tai shingoni, kasimama na ubao.

"Una dakika mbili za kutoa maoni kuhusu mabwawa yetu?"

"Kabati limeshika suruali yangu."

"Maoni yako ni muhimu sana kwetu."

Nikakabidhiwa stika tatu za kijani, nizibandike ubaoni kwenye mpango ninaoutaka. Mpango A, kufunga mabwawa yote mawili ya mji. Mpango B, kufunga hili letu. Mpango C, kujenga jipya, fedha zikipatikana. Nikauliza mpango wa kulitengeneza hili uko wapi. Akainamisha kichwa kama daktari mwenye majibu mabaya: "Hili limefika mwisho wa umri wake wa matumizi."

Miaka hamsini na ushei! Nikalitazama goti langu la kushoto.

Basi nikajikohoza, mkono mmoja nyuma kama mbunge, wa pili umeshikilia khanga. "Kijana, mtaala wenu unataka mtoto amalize shule ya msingi anaogelea mita 25. Ataogelea kwenye beseni? Nchi hii ina sheria ya mabwawa ya umma tangu 1846!"

"Ile iliruhusu tu, haikulazimisha," akasema kwa upole. "Mpaka leo halmashauri hailazimiki kuwa na bwawa. Kuzoa taka ndiyo lazima."

Nikamkumbusha zile pauni milioni 60 za serikali kuu, mwaka 2023, za kuokoa mabwawa. Akasema zilikuwa za England nzima, na gesi nimeiona bei yake? Nimeiona. Kwangu tunavaa makoti sebuleni.

Halafu akainama kuisoma khanga. "Hapa pameandikwa nini?"

"Maji yakimwagika hayazoleki." Nikamfasiria.

Uso ukamchangamka. Akaandika kwenye fomu, kwa mwandiko mzuri: mkazi ana wasiwasi kuhusu uvujaji.

"Bwana, hiyo ni methali."

Akaongeza: mkazi angependa fomu ziwe katika lugha nyingine.

Bibi mmoja wa mazoezi ya majini, kofia ya mpira kichwani, akapita akabandika stika zake zote tatu kwenye tai ya kijana, akaenda zake. Mimi vidole vililowa, ubaoni hazikushika hata moja. Zikashika kwenye khanga.

Kusema kweli nimechoka. Maktaba tulibandika stika, leo ni nyumba za kupanga. Choo cha sokoni tulibandika stika, leo wanauza kahawa, na ukiinywa hujui uende wapi. Kodi ya halmashauri inakatwa kila mwezi, hiyo sijawahi kuletewa ubao. Mimi nimejifunza kuogelea Raskazone, Tanga, unasubiri maji yajae unaingia, hakuna wa kukwambia ufungue programu uweke nafasi ya dakika arobaini na tano. Ila Raskazone hakuna basi la kunipeleka.

Mama watoto alipofungua mlango hakuniuliza suruali iko wapi. Aliitazama khanga. Amezikwangua zile stika kwa kucha, kwa kisu, kwa maji ya moto, gundi haitoki, na ilikuwa ya Idi.

Kwa hiyo Jumatatu mapema niko bwawani kumsubiri fundi. Na Jumatatu hiyo hiyo ndiyo siku ya kutoa mapipa ya taka. Ni zamu ya lile la kahawia au la kijani? Ratiba nilikuwa nimeipiga picha, iko kwenye simu.