Gorofa Bamburi au nyumba ya chini Kiembeni? Tuanze na maji

Siku hizi hapa Mombasa mtu akisema anahamia Kiembeni au Utange, mitaa ya ndani mbali na barabara kubwa, nyumba ya chini isiyo na ngazi, anaulizwa "kwani gorofa za Bamburi zimejaa?" utadhani maisha yamemshinda. Na kodi mara nyingi haipishani sana, pesa ya vyumba viwili gorofa ya nne karibu na barabara kubwa inakupa nyumba nzima huko ndani, na ua juu yake, lakini watu washaamua kwamba gorofa ndio maendeleo.

Gorofa ina mazuri yake na sitayaficha. Stegi iko karibu, kuna geti na soja, na ukiwa juu wakati wa joto upepo wa bahari unaupata kweli, wakati nyumba ya chini iliyobanwa na kuta za majirani usiku wa Februari ni tanuri. Anayenunua naye ana sababu, sheria ya 2020 imemrahisishia mwenye gorofa kupata hati ya jina lake, na huku Kisauni, upande huu wa Bamburi na Kiembeni, bado kuna nyumba bila ardhi, yaani nyumba ni yako, kiwanja ni cha mwengine na kodi ya ardhi unampelekea. Mtu akiogopa hilo simlaumu hata kidogo.

Lakini maji jamani. Mombasa haina mto wake. Maji ya mfereji yanatoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200, mengine vyanzo vya Baricho, Marere na Tiwi, nje ya mji pia, kwa hivyo mfereji kukauka siku kadhaa si habari tena, kila nyumba ina njia yake ya pili. Gorofani njia hiyo iko mikononi mwa mwenye nyumba, kisima kimoja, pampu moja, matangi juu. Stima ikipotea pampu imelala, keateka, mtunza jengo, hashiki simu, na mwenye mkokoteni anakuteremshia mitungi pale getini, akipanda ngazi anaongeza bei. Piga hesabu: watu 5, mitungi 10 ya lita 20 kwa siku, hiyo si israfu, ni lita 40 kwa kila kichwa, humo mna kuoga, kupika, kufua na choo. Wakikosa maji mwezi mzima ni mitungi 300. Mtungi ukiwa shilingi 10 ushatoa 3,000, ukiwa 20 ni 6,000, hata kama ni wiki moja tu kwa mwezi bado ni pesa, na hiyo hakuna anayeijumlisha kwenye kodi. Halafu kila mtungi ni kilo 20, na anayeupandisha mpaka gorofa ya nne mara nyingi ni mama wa nyumba au msichana wa kazi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nyumba ya chini mara nyingi kisima kiko uani. Hata kama maji ni ya chumvi, sabuni haitoi povu na mabomba yanaliwa, choo kinamwagiwa maji na nyumba inapigwa deki, stima ikipotea kuna ndoo na kamba.

Hapo hapo kwenye kisima ndipo penye hatari. Sehemu kubwa ya mji haina laini ya maji taka, kila ploti na shimo lake, na chini ni mawe ya matumbawe yenye matundu, uchafu unaweza kupenya mpaka kisimani. Watu wa afya wanataka mita 30 hivi kati ya kisima na shimo la choo. Sasa ploti ya futi 40 kwa 80 ni mita 12 kwa 24, weka kisima pembe hii na shimo pembe ile, pima mshazari, hufiki hata 28, na jirani naye ana lake nyuma ya ukuta. Kwa hivyo ya kunywa yachemshwe au yanunuliwe, hakuna mjadala. Lakini wanaotumia hoja hii kusifu gorofa hawajamaliza hesabu, maanake gorofa nyingi zimesimama kwenye ploti za ukubwa huo huo, shimo ni la familia tuseme 16 badala ya moja, na kisima kiko pale pale karibu na ngazi.

Umbali? Wa Bamburi na wa Kiembeni wote wanaingia kisiwani, katikati ya mji, kwa daraja moja la Nyali, lile la 1980, foleni ya asubuhi ni ya wote. Kiembeni ndani unaongeza tuktuk, na masika vijia ni tope na bodaboda wanapandisha nauli. Ni gharama kweli, ila kwangu mimi haina uzito wa ile mitungi.

Na kuna mambo ya watu. Ukiwa na nyanya mwenye magoti mabovu, gorofa ya nne bila lifti ni kumfungia ndani, atashuka siku ya kwenda hospitali tu. Arusi, hitima, msiba, turubai utalipiga wapi, kwenye paking ya majirani? Nimeona jeneza likishushwa kwenye ngazi nyembamba, wanaume wanalisimamisha kila kona ndio lipite, na wenye maiti wamesimama juu wanatazama.

Kijana wa peke yake, au wawili wanaofanya kazi za hoteli zamu ya usiku, wachukue gorofa, inawafaa. Mwenye watoto na wazee aende Kiembeni mwezi wa tano mvua ikinyesha, aone njia, achote maji ya kisima ayaonje, aulize shimo liko wapi na la jirani liko wapi, vyumba atahesabu baadaye.