Acheni kuwatisha wazazi na "mchanga" wa mseto

Tangu mvua zianze kuna klipu ya sauti inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Tabora. Mtu anasoma karatasi iliyomo kwenye boksi la mseto, dawa ya malaria, anafika palipoandikwa silikoni dayoksaidi, basi hapo hapo anapandisha sauti: hiyo ni silika, silika ni mchanga, watoto wetu wanalishwa mchanga. Imesambazwa hadi ikamfikia jirani yangu wa Ng'ambo. Mwanawe alikuwa ameshapimwa, malaria imeonekana, na ameshameza vidonge vitatu kati ya sita. Homa ilikuwa imeshuka, kwa hiyo mama akaona mtoto kapona, na hivyo vitatu vilivyobaki akavitupa.

Nimekasirika sana. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 uliuweka mkoa wetu juu kabisa kwa malaria ya watoto wa chini ya miaka mitano, asilimia 23. Karibu mtoto mmoja kati ya wanne. Halafu mtu anakaa na simu yake anawaambia wazazi wa mkoa huu waogope dawa.

Silika imo, sibishi. Imo kwenye mseto na imo kwenye vidonge vingi sana vya magonjwa mengine. Ninachotaka watu wajue ni kazi yake humo ndani.

Kiwandani hakuna anayekaa na mizani kupima dawa ya kidonge kimoja kimoja. Unga unateremka kutoka kwenye chombo cha juu, unajaza vishimo vya mashine, chuma kinashuka kinaubana, kidonge kinatoka. Kipimo ni ujazo wa kile kishimo, basi. Sasa unga laini una ukaidi wake. Hushikana, hufanya mabonge, hukwama pembeni. Ukikwama, kishimo kimoja kinajaa na kinachofuata kinapata nusu. Chembe za silika, ambazo ni ndogo kuliko za dawa yenyewe, hukaa juu ya chembe za dawa na kuzitenganisha zisigandane, ndipo unga unateremka sawasawa. Kwa kazi hiyo inatosha asilimia moja ya uzito wa kidonge, mara nyingi hata chini ya hapo. Kidonge cha miligramu 240 kingekuwa na miligramu 2.4 tu.

Hapa ndipo naomba tusikilizane. Mtu mzima anameza vidonge vinne kwa dozi moja. Kimoja kikipungua kidogo, vingine vitatu vinaweza kufidia. Mtoto wa kilo tano hadi chini ya kumi na tano anapewa kidonge kimoja kwa kila dozi. Kimoja tu! Dawa mbili zinazounda mseto, artemetha miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120, lazima ziwe zimetimia humo humo, maana hakuna kidonge cha pili cha kuokoa. Hiyo silika mnayoipigia kelele ni sehemu ya kinachomhakikishia mtoto wa Ipuli au wa Sikonge kwamba kidonge chake kina dawa kamili. Ukimnyima vidonge vitatu vya mwisho umefanya kwa mkono wako kile ambacho kiwanda kinahangaika kukizuia: umempa nusu ya tiba, na vimelea vilivyobaki kwenye damu vinaanza upya.

Wala haichotwi mtoni. Inatengenezwa kwa kuunguza kemikali yenye silikoni kwenye moto wa hidrojeni na oksijeni, na inatoka bila ule mpangilio wa fuwele wa mchanga, yaani chembe zake ndogo kabisa hazijajipanga kwa safu. Ikiingia tumboni, nyingi inapita, kidogo inayoyeyuka inatoka na mkojo. Silika mnaila kila siku kwenye nafaka. Yale malundo ya pumba za mpunga kwenye mashine za Igunga na Nzega, ukiyachoma, sehemu kubwa ya majivu yake ni silika.

Kuna jingine linalonipa matumaini. Lumefantrini haipendi maji hata kidogo, ndiyo maana tunawasisitiza mpe mtoto maziwa au chakula chenye mafuta pamoja na mseto. Mwaka 1992 watafiti wa kampuni ya Mobil walitangaza silika yenye vitundu vilivyopangika kama sega la asali, ila vyembamba mno. Mwaka 2001 Maria Vallet-Regí na wenzake wa Madrid wakaijaza ibuprofeni, dawa ya maumivu, ikawa inaitoa polepole. Baadaye ikaonekana pia kwamba dawa ngumu kuyeyuka, ikikaa kwenye vitundu hivyo, haipati nafasi ya kujipanga kuwa fuwele, hivyo huyeyuka upesi zaidi. Mseto tunaoutoa leo si wa namna hiyo. Natamani siku moja uwe, kwa sababu nyumba nyingi ninazozijua hazina maziwa ya kumpa mtoto mgonjwa saa nane za usiku.

Nikubali jambo moja, ingawa sipendi kumpa mwenye klipu hata inchi moja: ipo silika inayoua. Ni ile ya fuwele, vumbi la mawe, na inaua kwa kuvutwa kifuani. Inaleta silikosisi, ugonjwa wa makovu kwenye mapafu, inafungulia mlango kifua kikuu, na tangu mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka miongoni mwa visababishi vya saratani. Wanaoivuta ni kina mama wanaogonga kokoto barabarani na vijana wanaosaga mawe ya dhahabu kule Nzega, wengi wakiwa wamefunga kitambaa tu puani, na kitambaa hakizuii vumbi hilo. Hao hawajarekodiwa klipu hata moja. Mwenye kundi la WhatsApp na sauti nzuri aende akawaambie walowanishe jiwe kabla ya kuligonga, na wenye mashine za kusaga waweke maji.